Mimi si skalpa: daftari la mikopo na F12 vilivyonionyesha staili yangu ya kutredi

Misumari Inchi Nne (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Humu kuna nyuzi za "nimeunguza akaunti" na nyuzi za "nimepiga dola elfu mbili kwa wiki". Huu haumo upande wowote. Ni mrefu, mwenye haraka apite, na mwishoni hakuna kikundi cha Telegramu cha kujiunga.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Nilianza kutredi (kununua na kuuza mtandaoni, kubashiri bei itapanda au itashuka) mwaka 2021, dhahabu, kwenye chati ya dakika tano, kuingia na kutoka harakaharaka: ndiyo uskalpa. Kwa nini dhahabu, kwa nini dakika tano? Kwa sababu aliyenifundisha ndivyo alivyokuwa akifanya. Kozi ya siku tatu, laki tatu na nusu, chai na vitumbua juu yao. Haikunijia kabisa kuuliza kama yule bwana ana duka, ana wateja, au analala saa ngapi.

Kwa wasioijua dhahabu: loti (kipimo cha ukubwa wa tredi) 0.01 ni wakia moja. Bei ikisogea dola moja, umepata au umepoteza dola moja. Inasikika kama mchezo wa watoto. Sasa chukua akaunti ya dola 100, bei ikugeuke dola 15, kitu ambacho dhahabu inafanya kabla chai haijapoa siku ya habari kubwa za Marekani. Asilimia 15 imekwenda, na hapo umetumia loti ndogo kuliko zote. Mimi sikuwa natumia ndogo kuliko zote.

Siku ninayoikumbuka ni Ijumaa ya kwanza ya mwezi, takwimu za ajira za Marekani. Kwa saa zetu zinatoka saa tisa na nusu alasiri, kwao kukiwa baridi zinasogea hadi saa kumi na nusu. Nimenunua, niko dola nane mbele, SL (stop loss, oda inayofunga tredi yenyewe hasara ikifika kiwango ulichopanga) sijaweka kwa sababu "nitaangalia mwenyewe". Akaingia fundi: kilo mbili misumari ya inchi nne, kilo moja ya inchi tatu, na risiti. Mizani yangu ni ya mawe. Ukizidisha unatoa mmoja, unaangalia, unatoa mwingine. Niliporudi kwenye simu namba ya akaunti ipo pale pale, salio ni dola tatu na senti. Nimesimama nimeganda, nasikia sauti ya fundi: "Bosi, mbona yote umenipimia inchi tatu?"

Hiyo ilikuwa akaunti ya tatu.

Sikuongeza pesa. Nilichukua daftari la mikopo la dukani, nikaligeuza nyuma. Mbele kuna wanaonidai na ninaowadai saruji, nyuma nikaanza kuandika tredi zangu, demo (akaunti ya majaribio, pesa si halisi), loti 0.01 tu, moja baada ya nyingine. Tarehe, saa, sababu ya kuingia (sentensi moja, na inaandikwa KABLA ya kubonyeza), SL, lengo, matokeo. Kwa ajili ya ile misumari nikaongeza safu mbili ambazo hakuna kozi iliyonifundisha: "nilikuwa wapi" na "bei ilifika wapi baada ya mimi kutoka".

Nilijipa tredi 60. Zilipotimia nikakaa Jumapili moja na kikokotoo cha dukani.

Tredi 17 sikuzigusa kabisa baada ya kuingia. Msinipigie makofi, si nidhamu. Umeme ulikatika, chaji iliisha, wateja walijaa, na mara mbili nilikuwa msibani. Kati ya hizo 17, tisa zilifika kwenye lengo. Zile 43 nilizozigusa ni aibu. Za faida nilizozifunga kwa mkono wangu zilikuwa 22, na 15 kati yake bei iliendelea hadi kwenye lengo bila mimi. Za hasara nilikuwa nasogeza SL mbali, mbali zaidi, kama mtu anayemwongezea siku mdaiwa asiyepokea simu.

Kwenye zile za hasara, safu ya "nilikuwa wapi" imeandika karibu kila mstari: kaunta, kaunta, kaunta.

Hapo ndipo nilipoacha kuuliza "staili ipi inalipa". Swali likawa: ni tredi ya namna gani ninaweza kuiacha peke yake?

Naendelea chini, mteja.

---

Mlinzi wa Getini

Natega kambi hapa. Weka vitu mkuu.

---

Kobe Mjanja

"Mara mbili nilikuwa msibani" 😂 poleni kwa misiba, hongera kwa faida.

---

Misumari Inchi Nne

Nimerudi.

Nikachagua kitu KIMOJA. EURUSD (jozi ya euro na dola), chati ya siku, na umbo moja tu: mshumaa wa ndani. Mshumaa ni alama ya chati inayoonyesha mwendo wa bei wa kipindi kimoja, kwangu siku moja. Yaani siku ambayo kilele chake (bei ya juu kabisa) na kina chake (bei ya chini kabisa) vyote vimo ndani ya mshumaa wa jana yake. Soko limevuta pumzi. Kama bei iko juu ya wastani wa siku 50, naweka oda ya kununua juu kidogo ya kilele cha huo mshumaa mdogo, SL chini ya kina chake, lengo mara mbili ya hatari, yaani ya umbali kutoka ninapoingia hadi kwenye SL. Ikiwa chini ya wastani, kinyume chake. Oda isipochukuliwa siku hiyo, naifuta.

Sisemi hili ndilo umbo bora. Lilinifaa kwa sababu linaonekana kwa macho bila ubishi, na linaamuliwa mara moja kwa siku.

Mazoezi yenyewe: MT5 (programu ya kutredi) kwenye kompyuta, zima ile ya chati kujisogeza yenyewe, rudi nyuma miaka sita, kisha bonyeza F12. Kila ukibonyeza unakuja mshumaa mmoja. Kesho huioni. Nilijiwekea sharti kwamba kabla ya kubonyeza nitamke kwa sauti nitafanya nini. "Hakuna kitu." F12. "Hakuna kitu." F12. "Mshumaa wa ndani, nauza, SL pipsi 48." (Pipsi ni kipimo kidogo cha msogeo wa bei.) Naandika. F12. Dakika 40 kila usiku baada ya kufunga duka, kama usiku 60 hivi. Mishumaa zaidi ya 1,500. Mke wangu alikuja mlangoni siku ya pili kuangalia naongea na nani.

Kwa siku nyingi jibu ni "hakuna kitu". Sikujua kwamba hilo ndilo ningelifanyia mazoezi kuliko jingine lolote. Mtu wa dakika tano hana siku ya "hakuna kitu", kila saa pana kitu.

Miaka mitatu ya kwanza nilijiruhusu kurekebisha sheria. Mitatu ya mwisho nikajifunga: sigusi hata koma. Jumla tredi 104. Zilizofika lengo 43, zilizopigwa SL 61. Ukihesabu hatari ya tredi moja kama kipimo kimoja, ni 86 kutoa 61, nimebaki na 25, kabla ya spredi (pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza) na swapu (riba ya kulaza tredi usiku). Lakini angalieni mgawanyo wake: 18 zilitoka miaka mitatu niliyokuwa narekebisha, 7 tu zilitoka miaka niliyojifunga. Mtu akikuletea matokeo matamu ya nyuma, muulize alirekebisha sheria akiwa anaangalia chati ipi.

Hasara ndefu kuliko zote mfululizo: nane. Ukiwa unapoteza sita kati ya kila kumi, kwenye tredi mia moja kufungwa saba au nane mfululizo ni jambo la kawaida kabisa, hesabu yenyewe inasema. Nilishapita kwenye nane kwa F12. Zilipokuja tano kwa pesa halisi, nililala.

Angalizo kwa mtakaojaribu: kuna mabrokeri (kampuni tunazotredi kupitia kwao) ambao seva zao zinatoa kimshumaa kifupi cha Jumapili. Hicho karibu kila wiki kitaonekana kama mshumaa wa ndani, na ni uongo, ni saa chache tu za soko kufunguliwa. Tafuteni chati yenye mishumaa mitano kwa wiki, inayofunga siku saa kumi na moja jioni ya New York. Kwetu ni saa sita usiku, au saa saba kwao kukiwa baridi. Na msiweke oda dakika hiyo, spredi inapanuka kama mdomo wa kiboko. Mimi naweka saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kufungua duka. Dakika kumi. Kisha simu inakaa kwenye droo ya risiti.

---

Chai ya Rangi

Mkuu unaandika vizuri lakini hii ni kamari yenye daftari. Watafiti wa Brazili waliwafuatilia watu walioanza kutredi kwa siku (kununua na kuuza ndani ya siku hiyo hiyo) kati ya 2013 na 2015. Kati ya walioendelea zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza, na waliopata zaidi ya kima cha chini cha mshahara walikuwa asilimia 1.1. Hao nao wamefanya mazoezi siku 300. Mazoezi yamewasaidia nini?

---

Misumari Inchi Nne

Chai ya Rangi, takwimu zako ni za kweli na sizipingi. Ongeza na za Ulaya: mwaka 2018 mamlaka yao ya masoko ilisema akaunti 74 hadi 89 kati ya 100 za watu wa kawaida hupoteza, ndiyo maana tovuti za mabrokeri wa kule zina ile sentensi ya onyo na asilimia yao juu kabisa.

Ila siku 300 za kutredi si siku 300 za mazoezi. Mimi nilikuwa na siku zaidi ya 300 kabla ya daftari. Nilichokuwa nimekifanyia mazoezi ni kusogeza SL, na nilikuwa mzuri sana kwenye hilo.

---

Hati Fungani

Niwe muwazi. Vipimo 25 kwa miaka sita. Ukihatarisha asilimia moja kila tredi, ni kama asilimia nne kwa mwaka. Hati fungani ya serikali ya miaka 20 inanilipa tarakimu mbili kwa mwaka na mimi nimelala. Usiku 60 wa F12 kwa ajili ya asilimia nne?

---

Misumari Inchi Nne

Nilijua utakuja 😄. Na uko sahihi, kwa jozi moja. Sasa natredi mbili, EURUSD na USDJPY (dola na yeni ya Japani). Miezi 14 ya pesa halisi, tredi 37, niko vipimo vitano mbele. Akaunti ni dola 500. Piga hesabu mwenyewe, hainunui hata bati za kuezekea choo.

Pesa yangu kubwa iko kwenye duka, na nyingine iko huko huko kwako kwenye hati fungani. Daftari ndilo lililonipeleka huko. Nilipoona kwa macho kwamba ninachokiweza ni tredi mbili tatu kwa mwezi zenye faida nyembamba, nikaacha kuhamishia mtaji wa saruji kwenye simu. Ukinihesabia na hizo akaunti ambazo sijaunguza tangu wakati huo, asilimia inapanda kidogo.

---

Bi. Pwani

Hamjambo nyote. Mimi ni wa Mombasa, fundi cherehani, nashona nyumbani. Nataka kumpinga mwenye uzi kidogo kwa sababu wengine mtaondoka hapa mkidhani chati ya siku ndiyo uongofu.

Mimi siwezi kulala na tredi iko wazi. Nilijaribu miezi minne. Naamka saa nane usiku, natazama simu, usingizi hauna tena. Nikafanya alivyofanya yeye lakini kwa upande wa pili: saa moja tu ya London, tangu soko lao lifunguliwe. Kwetu ni saa nne asubuhi, au saa tano wakati wao wa baridi. Pound na dola, chati ya dakika 15. Wateja wangu wanajua saa hiyo sipokei vipimo. Saa ikiisha nafunga kila kitu, iwe faida iwe hasara, naingia kwenye cherehani.

Mazoezi yangu yalikuwa kurudia ile saa moja tu, siku baada ya siku, miezi mitatu, hizo saa nyingine sizifungui kabisa. Nikawa naijua kama ninavyojua bega la mtu kwa kulitazama. Kuna asubuhi inapanda kwanza, inawanasa watu, halafu inashuka moja kwa moja. Hiyo ya kunasa ndiyo ninayoisubiri. Nyingine naziacha zipite.

Kwa hiyo kaka yangu, safu yako ya "nilikuwa wapi" ni nzuri, lakini mimi ningeongeza "nililala vipi". Na ndugu zangu wa Kenya, kanuni za mabrokeri wa mtandaoni zipo tangu 2017, angalieni leseni ya CMA (Mamlaka ya Masoko ya Mitaji) kabla ya kutuma shilingi.

---

Misumari Inchi Nne

Dada, shikamoo kwa hilo la bega. Na kweli, safu ya usingizi sikuifikiria kwa sababu mimi nikishaweka SL nalala kama gunia la saruji. Kumbe hiyo nayo ni sehemu ya staili.

---

Dogo Janja wa Sinza

Brother mimi nina dola 50 tu. Hii ya chati ya siku nianzeje?

---

Misumari Inchi Nne

Dogo, EURUSD loti 0.01, pipsi moja ni senti 10. SL ya pipsi 50 ni dola 5. Kwako hiyo ni asilimia 10 kwa tredi moja, na nilikwambia nane mfululizo zinakuja. Usianze na hizo 50. Kama lazima iwe pesa halisi, tafuta akaunti ya senti, ambapo dola 10 yako inasomeka 1,000 na loti inakuwa ndogo mara mia. Lakini kabla ya yote leta mistari 20 ya daftari ya demo. Umbo moja, jozi moja. Chagua mwenyewe, usichukue langu kwa sababu nimeandika uzi mrefu.

---

Kipimo

Uzi mzuri. Swali: kwa nini jozi mbili tu? Ongeza GBPUSD (pauni na dola) na AUDUSD (dola ya Australia na ya Marekani) upate fursa mara mbili.

---

Bi. Pwani

Kipimo, hizo mbili pamoja na EURUSD zikikupa ishara siku moja ni tredi moja ya dola umeivalisha kanga tatu.

---

Misumari Inchi Nne

Hilo hilo. Hata mbili zangu zote zina dola ndani, ishara zikija pamoja za upande mmoja wa dola nachukua iliyotangulia, nyingine naiacha.

---

Mzee wa Chicago

Hapo mwanzo mtu ameuliza kama mazoezi yanasaidia. Mwaka 1983 huko Chicago, Richard Dennis na mwenzake William Eckhardt walibishana: treda anazaliwa au anafundishwa? Dennis akachukua watu wa kila aina, akawafundisha wiki mbili, akawapa pesa. Waliitwa Kasa (kwa Kiingereza Turtles). Sheria zilikuwa wazi: nunua bei ikivuka kilele cha siku 20, au cha siku 55 kwa mfumo wa pili, na ukubwa wa kila tredi unakatwa kwa kipimo cha mtikisiko wa soko. Kila mmoja alipewa karatasi ile ile. Matokeo yakapishana sana.

Nimelisoma jambo hili miaka mingi na bado linanisumbua. Kama sheria ni zile zile, tofauti ilitoka wapi?

---

Misumari Inchi Nne

Mzee, mimi nafikiri kuna waliokuwa wanazikwepa baadhi ya tredi baada ya hasara kadhaa, na mfumo wa namna ile unaishi kwa tredi chache kubwa. Ukiikwepa ile moja, mwaka umekwisha. Nasema hivi kwa sababu kando ya tredi zangu 37 kuna ishara tatu nilizoziruka baada ya zile hasara tano. Mbili zilifika lengo. Nimeziandika kwa kalamu nyekundu, kwenye ukurasa ule ule.

---

Chai ya Rangi

Na bei ikiiruka SL? Januari 15, 2015, Benki Kuu ya Uswisi iliondoa ile sakafu ya 1.20 ya faranga kwa euro bila kumwambia mtu. Watu walikuwa na SL, tredi zikafungwa kwa bei ya mbali kabisa.

---

Misumari Inchi Nne

Kweli kabisa, SL si ukuta. Ndiyo sababu ya asilimia moja, na ndiyo sababu akaunti nzima ni dola 500. Ikirukwa hasara ikawa mara kumi ya niliyopanga, nimepoteza tripu ya mchanga.

---

*Wiki tatu baadaye*

Dogo Janja wa Sinza

Brother nimerudi. Mistari 20, demo, EURUSD, chati ya saa moja, naingia bei ikirudi kupima kilele cha jana. Saba faida, 13 hasara, lengo mara mbili kama lako. Yaani niko +1. Nimeweka picha za daftari, samahani kwa mwandiko.

---

Misumari Inchi Nne

Safi sana, mwandiko unasomeka. Sababu umeandika kabla ya kuingia, naona wino umetangulia. Swali moja. Mstari wa 9, wa 14 na wa 15, saa ya kuingia ni kati ya saa nane na saa tisa usiku. Zote tatu hasara, na kwenye "nilikuwa wapi" umeandika "nyumbani". Ulikuwa unafanya nini macho saa hiyo?

---

Dogo Janja wa Sinza

Mtoto ana miezi minne brother. Akilia ni zamu yangu kumbembeleza, mkono mmoja mtoto, mwingine simu.

---

Misumari Inchi Nne

Basi kaandike "mtoto mkononi" kwenye hiyo safu, futa "nyumbani". Ondoa hizo tatu uhesabu tena, utuletee jibu.

---

Dogo Janja wa Sinza

Saba kwa 10. +4.

---

Bi. Pwani

Mtoto hajambo?